Nyuzi Nne za Mashuuru

Alhamisi, 27 Machi

Mvua imeanza Kitengela, na njia ya kuingia kwetu imegeuka uji mweusi. Nimefika karakana nikiwa nimebeba viatu mkononi. Morgan alikuwa amekwisha kuchemsha chai, akanicheka.

Karakana yetu ni chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mimi na Morgan Wanjala tunatengeneza vipimajoto vya friji za dawa. Kazi tuliyo nayo sasa ni ya chama cha wafugaji wa Mashuuru, ambao wana friji ya gesi ya kuhifadhi chanjo za mbuzi. Mimi naunda kidude kinachokaa ndani ya friji na kupima joto. Morgan anaandika programu inayopokea namba za kidude na kuzionyesha kwenye kioo kidogo kilicho mlangoni mwa friji na kwenye simu. Chanjo hizo zinataka nyuzi mbili hadi nane. Zikipata joto zinaharibika, na zikiganda zinaharibika vilevile.

Leo tumegombana, ugomvi mzuri wa kazi. Kidude changu hutuma kila namba kwa biti nane, yaani swichi nane, kila moja imewashwa au imezimwa. Swichi nane zinatoa mipangilio 256, haiongezeki hata mmoja. Ukiamua namba zako hazina alama ya hasi au chanya, mipangilio hiyo inaanza sifuri na kuishia 255, na chini ya sifuri hakuna kitu. Ukiamua zina alama, swichi ya kwanza kushoto haiongezi 128 tena, inapunguza 128, na mipangilio ileile sasa inatoka hasi 128 hadi chanya 127. Swichi zote nane zikiwaka, mmoja atasoma 255 na mwingine atasoma hasi moja. Hakuna kitu ndani ya hizo swichi kinachosema nani yuko sawa. Ni makubaliano tu kati ya anayetuma na anayepokea.

"Kajiado nani atahitaji hasi, Elsie?" Morgan akaniuliza. "Huko shida ni jua. Watu wanaogopa dawa ipikwe."

"Ni friji, Morgan. Hiyo ndiyo kazi yake, kuleta baridi."

Akainua mikono kama mtu aliyeshikwa na polisi, akaenda ubaoni, akaandika kwa kalamu nyekundu: NAMBA ZINA ALAMA. Akaweka na sahihi yake, mzaha tu. Nimefurahi siku nzima.

30 Machi

Kanisani, kisha nguo. Mvua.

1 Aprili

Morgan amekwenda peke yake kujaribu mtambo kwenye friza ya bucha ya hapa chini, maana mimi nilikuwa na waya za kuchomelea. Amerudi akasema, "Safi kabisa." Nimemuuliza mara mbili. Safi.

Ijumaa, 4 Aprili

Uzinduzi Mashuuru. Tumefika tumepakwa matope hadi masikioni. Mhudumu wa mifugo anayetunza friji ni Saning'o, mwanaume mtaratibu wa makamo, anavaa shuka juu ya koti la suti. Alinisalimu "Takwenya," nikaitika "Iko," akina mama wakacheka lafudhi yangu ya Kijaluo.

Saning'o alinionyesha anavyotunza moto wa gesi. Kwenye friji ya gesi moto ukizidi ndipo baridi inazidi, kwa hiyo msimu wa jua anauongeza. Upepo wa Juni ukianza anaupunguza kidogo kidogo, asubuhi na jioni. Nikamuuliza anajuaje kiasi. Akaingiza mkono ndani ya friji, akautoa, akasema, "Najua hivi." Daktari Ndeti, mganga wa mifugo anayesimamia chama, akamwambia sasa mkono upumzike, mashine imekuja. Watu wakapiga makofi. Morgan alihutubia vizuri, yeye ana kipaji hicho. Aliniita "dada yangu na kichwa cha hii kazi yote."

Tumeweka kengele inayolia joto likipita nane. Ya upande wa baridi hatukuweka. Hakuna aliyeiulizia, na mimi pia sikuikumbuka mpaka tuko Kisaju tunarudi. Morgan akasema tutaiongeza baadaye.

19 Aprili

Nne, tano, nne. Friji ya Mashuuru inanipa raha. Naiangalia kwenye simu kabla sijapiga mswaki.

11 Mei

Leo ni mwaka mmoja tangu tumzike mama. Ndugu yangu alichelewa siku ile, na Morgan ndiye aliyetembea mbele ya jeneza ameshika picha yake, kwenye jua la Ugenya, kilomita nzima, bila kuibadilisha mkono. Amenipigia asubuhi kunikumbusha kabla sijamkumbusha mimi. Mtu wa namna hiyo humpati kwa kutafuta.

2 Juni

Mvua zimekwisha. Baridi imeingia kwa meno.

Jumatano, 11 Juni

Saning'o amepiga simu saa mbili asubuhi.

"Madam, habari ya asubuhi. Nimepata chupa moja ya dawa iko na barafu kwa shingo. Na nikiitingisha, ule unga inashuka chini haraka, haikai vile ilikuwa inakaa. Lakini mashine inasema nne."

Nikafungua simu nyingine. Nne. Tangu usiku wa manane, nne, nne, nne, mstari ulionyooka.

"Nilikuwa nataka kupunguza moto kama mwaka jana," akasema.

"Usiguse moto, Saning'o. Pengine chupa ilikuwa imeegemea ukuta wa nyuma. Wewe amini mashine."

Akasema, "Sawa, madam."

Nimemwambia Morgan. Amesema wazee hawa wakizoea kitu ni shida kuwatoa. Tumecheka kidogo, kisha nikaona vibaya kucheka.

17 Juni

Leo Mashuuru wamechanja mbuzi dhidi ya homa ya mapafu, ile wanayoiita olkipiei. Daktari Ndeti ametuma picha: vumbi, mbuzi, Saning'o na sindano.

21 Juni

Nimenunua sweta. Si kitu cha kuandika, lakini ni zuri.

Jumatano, 2 Julai

Mbuzi wanakufa Mashuuru. Waliochanjwa. Ndeti amepiga simu mara tatu. Ugonjwa umetoka upande wa mpaka na kila mtu alijua unakuja, ndiyo maana wakachanja. Nimekaa kwenye ngazi za karakana nikashindwa kupanda. Morgan ameshuka, akakaa kando yangu, akasema, "Friji yetu iko sawa, Elsie. Angalia namba." Nikaangalia. Zote ziko sawa.

5 Julai

Wanaendelea kufa. Friji imezimwa mpaka uchunguzi.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwenda Mashuuru kwa uchunguzi. Morgan alisema ana mafua, nikaenda peke yangu.

Tulikaa kwenye jengo la mnada, Ndeti mezani, mimi kando yake na kompyuta. Mama mmoja anaitwa Namunyak, mjane wa kaka yake Saning'o, ndiye aliyepoteza wengi zaidi. Ndeti akamuuliza ni mbuzi wangapi. Hakujibu kwa namba, kwao mifugo haihesabiwi hivyo. Alianza kuwataja. Yule mweusi wa paji jeupe. Yule wa pembe moja, na mapacha wake. Yule wa kijivu aliyepewa na mama yake mzazi siku ya harusi yake, na binti za huyo wa kijivu, mmoja mmoja kwa rangi zao. Ilichukua muda mrefu na hakuna aliyemkatiza. Mimi nilikuwa na kisanduku kwenye fomu kilichoandikwa "idadi". Nikaandika: haijulikani.

Kisha nikaonyesha grafu yangu. Mwezi mzima wa Juni, nyuzi nne. Ndeti akauliza kama hiyo ina maana dawa iliharibikia nje ya friji, wakati wa kubebwa.

"Ndiyo," nikasema. "Kwenye friji haikuharibika."

Saning'o akasimama. "Nilibeba na barafu. Kila boksi. Watu waliniona."

"Barafu iliyeyuka saa ngapi?" Ndeti akauliza.

"Haikuyeyuka."

Saning'o aliniangalia kwa muda, nikafikiri sasa ataitaja ile simu ya Juni. Hakuitaja. Sijui kwa nini, na nasema kweli, nilishukuru. Nilisaini ripoti: friji ilikuwa katika hali nzuri, kosa linaelekea kuwa la ubebaji. Wakamwambia aweke funguo mezani. Akaziweka polepole, akavuta shuka yake, akatoka. Namunyak alipopishana naye mlangoni aligeuza uso ukutani.

Nimefika Kitengela nikampigia Morgan nikamsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Pole, Elsie. Umefanya kazi yako."

15 Julai

Ndeti anasema watu hawamwiti Saning'o tena hata mnyama akishindwa kuzaa. Kanisani kwao amekaa benchi peke yake. Miaka kumi na sita ametembea maboma yale kwa miguu.

18 Julai

Sijalala vizuri. Nasema ni baridi.

Alhamisi, 24 Julai

Naandika polepole ili nisiruke kitu.

Leo nilikuwa natayarisha kidude kipya cha zahanati moja ya Kisaju. Morgan hakuwepo. Nilitaka kukijaribu, nikakitia kwenye kile kisehemu cha barafu cha friji yetu ndogo, juu ya maziwa, nikavuta kiti nikawa natazama kioo huku nakula mkate. Kumi na moja. Saba. Tatu. Moja. Sifuri.

Kisha tano.

Nikafungua mlango. Waya ulikuwa umeshika theluji. Nikafunga. Tano. Nikangoja dakika ishirini, mkate ukakauka mkononi. Tano, tano, tano.

Nikaenda kutafuta namba ghafi, zile swichi kama zinavyotoka kwangu kabla programu ya Morgan haijazigusa. 11111101. Nikazipiga kwa kalamu nyuma ya risiti ingawa nazijua kwa moyo. Kwa makubaliano yetu, hasi 128 ukijumlisha 125, ni hasi tatu. Kidude changu kinasema kweli, ndani mle ni nyuzi tatu chini ya sifuri. Lakini asiyejali alama anajumlisha zote, na anapata 253.

Programu ya Morgan ilikuwa inasoma 253. Tangu siku ya kwanza ilikuwa inasoma bila alama, hata baada ya kalamu nyekundu na sahihi. Hilo ningelisamehe kabla chai haijapoa, ni neno moja tu kwenye programu, mimi mwenyewe nimekosea makubwa zaidi. Lakini chini yake kulikuwa na mstari mwingine. Mstari huo unasema hivi: namba yoyote inayozidi sitini, itupe, na mahali pake weka wastani wa namba nzuri za siku.

Huwezi kuandika mstari huo kwa bahati mbaya. Lazima kwanza uone 253. Lazima ujue friji haiwezi kuwa nyuzi mia mbili hamsini na tatu, na ujue inatoka wapi.

Programu yetu huhifadhi kila badiliko, aliyelifanya na tarehe. Mstari uliandikwa tarehe 1 Aprili, siku ya friza ya bucha. Kando yake Morgan aliandika maelezo: "Hasi zinatokea kubwa. Nitarekebisha baada ya uzinduzi." Kisha badiliko la pili, tarehe 3 Julai, siku moja baada ya mbuzi kuanza kufa. Hakurekebisha kitu. Alifuta yale maelezo, mstari akauacha.

Tarehe 3 Julai alijua. Tarehe 10 mimi nilisaini.

Nikafungua namba ghafi za Mashuuru za Juni. Usiku baada ya usiku, kuanzia tarehe nne: 255, 254, 254, 252. Hasi moja, hasi mbili, hasi mbili, hasi nne. Ile asubuhi ya tarehe 11 ambayo Saning'o alipiga simu, 251. Hasi tano. Mwanaume yule alikuwa ameshika chupa iliyoganda mkononi, na mimi nikamwambia aamini mashine.

Nimekwenda kumchukua binti yangu shuleni, nimempikia, nimesahihisha hesabu zake. Sijampigia Morgan. Naogopa sauti yangu itakavyokuwa.

25 Julai

Hasira. Hakuna lingine la kuandika leo.

Jumamosi, 26 Julai

Nimemkuta karakana. Nimeweka mbele yake karatasi niliyochapisha lile badiliko la tarehe 3 Julai. Ameiangalia kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji.

"Nilikuwa nirekebishe," akasema. "Uzinduzi ulikuwa baada ya siku tatu, tungeaibika. Halafu namba zikakaa poa Aprili, Mei. Nikasahau. Nakuapia, Elsie, nilisahau."

"Tarehe 3 Julai ulikumbuka."

Akaigeuza karatasi kifudifudi.

"Uliniacha niende Mashuuru. Ulisema uko na mafua."

"Nilikuwa na mafua."

"Morgan."

Akajifuta uso. "Nilifikiri atapewa onyo tu, basi. Mtu wa huko, watu wake wangemsamehe baada ya msimu. Sisi tukikosea mara moja, hakuna mtu atatupea kazi tena. Wewe uko na mtoto."

"Kwa nini mimi nisaini? Kwa nini usisaini wewe?"

Akanijibu bila kuinua macho, na nafikiri ni neno la kweli kuliko yote aliyosema leo. "Wewe ukisema kitu, watu wanaamini. Wewe hudanganyi."

Kwa hiyo alihitaji mtu asiyedanganya, na akanitumia mimi. Miaka tisa ya urafiki. Nilikuwa nikimwombea kwa jina. Nimejaribu kumkumbuka na ile picha ya mama kwenye jua la Ugenya, na bado namwona vilevile, hakubadilika hata kidogo, na hilo ndilo linaloniumiza. Sipati mahali pa kuanzia kumchukia.

Nimemwambia tarehe 5 Agosti, siku ya mkutano wa chama, nitasimama Mashuuru na kusema yote. Akaniuliza kama nitamtaja. Nikasema nitasema kilichotokea. Akaniuliza tena kama nitamtaja. Nimechukua kompyuta yangu, nimetoka, nimeacha funguo za karakana juu ya friji.

28 Julai

Amepiga simu mara saba. Mara ya nane alikuwa mama yake, kutoka Bungoma, akiniuliza kwa upole nimemfanyia nini mwanawe.

31 Julai

Nimemwandikia Ndeti, nikaambatanisha namba ghafi zote. Alijibu neno moja: "Njoo."

Jumanne, 5 Agosti

Jengo la mnada lilijaa, wengine walisimama nje madirishani. Morgan hakuja. Saning'o alikuwa nyuma kabisa, kwenye ukuta.

Nilikuwa nimetayarisha michoro. Sikuitumia. Niliomba watu wanane wasimame mstari mmoja mbele, nikawaambia aliyeinua mkono amewaka, aliyeshusha amezima. Nikawaonyesha kwamba mstari uleule wa watu, bila mtu kusogea, anayejua kwamba wa kwanza anapunguza atausoma hasi tatu, na asiyejua atausoma mia mbili hamsini na tatu. Ndeti alitafsiri kwa Kimaa, na mzee mmoja akauliza kwa nini anayesoma asimuulize anayetuma. Nikasema walikuwa wameulizana, na wakakubaliana, na mmoja hakutimiza. Nikamtaja Morgan. Nikataja tarehe 1 Aprili na tarehe 3 Julai. Nikasema friji iliganda kuanzia mwanzo wa Juni, dawa ilikuwa imekufa kabla ya kutoka mlangoni, na Saning'o aliibeba vizuri.

Mtu mmoja wa dirishani akasema kwa sauti, "Kwa hivyo ni huyo Morgan."

Nilitaka sana kunyamaza hapo. Ningeweza. Ilikuwa kweli yote, na watu walikuwa wameanza kuniangalia kwa huruma, nami nilikuwa naihitaji hiyo huruma kuliko chakula. Nikaongeza kwamba ripoti iliyomlaumu Saning'o niliisaini mimi, na kwamba naifuta. Basi. Ya simu sikuisema. Nilijiambia si jambo la leo.

Ndeti alimwita Saning'o mbele akampa funguo. Namunyak alisimama, akasema kitu kifupi kwa Kimaa, akaketi. Ndeti hakutafsiri. Watu wakaanza kutoka. Nikawa nakunja waya zangu, na ndipo nikaona viatu vya Saning'o mbele yangu. Alinisalimu, nikaitika. Hakuwa na hasira. Hilo nililiona wazi, na nikajidanganya kwa dakika moja kwamba nimeponyoka.

"Madam, nataka kukuuliza kitu," akasema. "Ile siku nilikupigia, nikakuambia chupa iko na barafu. Ile simu ilikuwa inasikika?"

Niliendelea kukunja waya uliokwisha kukunjwa.

"Kwa sababu huku netiweki ni mbaya," akasema. "Hata siku ile ya uchunguzi sikutaka kuisema mbele ya watu, nikaona nitakuletea aibu bure. Nyumbani niliwaambia madam ni mtu mzuri, labda hakunisikia."

Nikamwambia ilikuwa inasikika.